Mkate-sambusa: sandwichi za kugandisha za wiki nzima kwa watoto wa shule

Kila Jumapili alasiri meza yangu ya jikoni inakuwa na mikate miwili ya slesi, bakuli la karanga zilizosagwa, kopo la asali iliyoganda na vikombe viwili vya bati, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Adhana ya magharibi ikilia, sandwichi kumi na nane zimeshalala kwenye friza, pembeni ya barafu za ukwaju ninazouza. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa sishiki mkate asubuhi.

Niko Tabora mjini, Cheyo. Nauza asali sokoni. Kaka yangu ana mizinga Sikonge na ndiye anayeniletea. Saa kumi na mbili na nusu inabidi niwe nimeshatoka nyumbani, na nina watoto watatu wa shule: mmoja darasa la sita, mmoja la tatu, mdogo yuko awali. Zamani nilikuwa nawapa hela ya kula mapumziko ya saa nne. Siku nyingine walinunua mihogo, siku nyingine andazi, na siku nyingi zaidi, nilikuja kugundua, ubuyu wa rangi na pipi. Yule wa kati alikuwa anarudi saa nane na nusu, anaweka begi chini, anajikunja kwenye mkeka hana hata nguvu ya kuvua viatu. Haya yote yameanzia hapo. Nataka ikifika saa nne mtoto atafune kitu nilichokiandaa kwa mikono yangu, kimfikishe mchana.

Aliyenionyesha ni binti wa dada yangu, anayesoma chuo. Alinifungulia picha kwenye simu: sandwichi za duara, hazina maganda pembeni, kingo zimebanwa kama sambusa hata cha ndani hakionekani. Marekani zinauzwa madukani zikiwa zimegandishwa, kampuni ya Smucker's inaziita Uncrustables. Mwaka 1999 sandwichi ya namna hiyo ilipewa hataza huko, yaani haki ya mgunduzi, watu wakabishana nayo miaka kadhaa na mwishowe hataza ikafutwa. Nilichokichukua mimi ni kitu kimoja kilichoelezwa kwenye hataza hiyo: siagi ya karanga inapakwa pande zote mbili za mkate, na jemu inakaa katikati, haigusi mkate. Nikasema basi, hapa kwetu jemu ya nini wakati Tabora imejaa asali? Watoto wangu walipoziona mara ya kwanza waliziita mkate-sambusa, na jina limebaki hilo.

Niseme mapema jambo lenyewe. Adui wa sandwichi ya kugandisha ni maji. Kila iliyowahi kuniharibikia, nikifuatilia chanzo, nakuta maji: ya nyanya, ya mchuzi, ya mvuke, ya barafu. Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Uyui na hakuwahi kumiliki friji. Viazi vitamu alivikata vipande vibichi akavianika vikawa michembe. Vingine alivichemsha kwanza, akavimenya na kuvikata, ndipo akavianika vikawa matobolwa, na tulivila na chai hadi mvua zikarudi. Kazi yote ile ilikuwa ya kuyaondoa maji. Nami kwenye sandwichi hizi, tangu kuchagua mkate hadi kufunga mfuniko, nafanya kazi ileile aliyoifanya bibi juani.

Tuanze na mkate. Chukua mkate wa slesi laini, wa siku hiyohiyo. Mkate wa juzi ukiubana unapasuka badala ya kushikana. Mweupe unashikana vizuri kuliko wa ngano nzima. Mimi nachanganya, mmoja mweupe, mmoja wa ngano nzima, na ule wa ngano nzima naubana kwa nguvu zaidi. Usiuvuruge mkate unapoutoa kwenye mfuko. Slesi mbili zilizofuatana ndizo mapacha, zina umbo moja, na ukizifungua kama kitabu kisha ukazifunga tena zinalingana pande zote. Vile vigumba viwili vya mwisho weka pembeni. Kwa mikate ninayonunua, kila mmoja unanipa sandwichi tisa.

Karanga ndizo zenye kazi, na hapa nakuomba usiharakishe. Mimi nanunua mbichi, robo tatu ya kilo, na nazichagua kwenye ungo mchana kweupe, si usiku kwenye taa. Ile iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, yote inatoka. Sababu ni sumukuvu. Kuvu hao wanaota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na sumu yao inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo, na kusaga kunaificha kabisa, kwa sababu karanga mbovu ikishakuwa rojo huwezi kuiona tena. Ndiyo maana karanga za kusagwa tayari zilizofungwa kwenye vikopo visivyo na jina la mtengenezaji siwapi watoto. Mkono wangu na macho yangu ndiyo mzani wangu.

Zikishachaguliwa, zikaange kwenye karai kavu, moto mdogo wa mkaa, ukigeuza bila kuacha. Usiende kufungua mlango, usishike simu. Zikianza kutoa harufu na ganda likaachia ukisugua kwa vidole, epua mara moja, kwa sababu karai lenyewe litaendelea kuzikaanga. Ziache zipoe, zisugue, zipepete, ganda liruke lote.

Sasa kinu. Blenda inafaa pia, lakini umeme wa Jumapili siuamini, na kinu kinanionyesha kinachoendelea. Mwanzo zinavunjika tu, zinaruka. Kisha zinakuwa unga mkavu, na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa wakaongeza maji. Usiongeze maji. Twanga. Unga unaanza kushikana pembeni mwa kinu, unakuwa kama udongo wa mfinyanzi, mchi unanatia, na unadhani umekwama. Endelea kidogo tu. Ghafla rangi inakoza, juu kunang'aa, mafuta yametoka, na ule udongo unalegea wenyewe mpaka mchi unateleza. Tia chumvi, nusu kijiko cha chai, twanga mara kumi za mwisho. Ukiona bado ni nzito, ongeza kijiko cha mafuta ya karanga au ya alizeti. Karanga zilizotiwa maji zinalowesha mkate na zinachacha upesi, na mafuta yale uliyoyatafuta kwa jasho ndiyo ukuta wenyewe unaozuia asali isipenye.

Kwenye asali niachie nafasi, maana ndiyo kazi yangu. Kwa sandwichi hizi tafuta asali iliyoganda. Najua wateja wanaikimbia. Kila wiki kuna mtu anageuza kopo langu, anaona imekuwa nyeupe na punjepunje, anasema, "Dada, hii umetia sukari." Sijatia. Asali ina sukari zake za asili, na mojawapo, glukosi, ndiyo inayojitenga na kuwa punje. Asali nyingine inaganda baada ya wiki chache, nyingine inakaa mwaka mzima ikiwa maji, inategemea maua ambayo nyuki wameyanyonya. Iliyoganda ni asali kamili, na kwa mkate ndiyo bora, kwa sababu inapakika kama siagi na haikimbii. Ile ya maji ukiiweka katikati inatafuta mlango, na siku ukikosea kubana inatokea kwenye daftari la hesabu.

Kama unayo ya maji tu, changanya kijiko kimoja cha asali na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa kwenye bakuli, ikoroge mpaka iwe nzito, hiyo ndiyo uiweke katikati. Na asali ya aina yoyote usimpe mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, hata ya kulambishwa kidoleni, hata kama bibi mkubwa wa ukoo ndiye anayesema. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Wateja wangu wote wenye watoto wachanga nawaambia hivyo kabla sijapokea hela.

Twende mezani. Panga slesi zote wawiliwawili, zimefunguka. Kila slesi ipakwe kijiko kimoja cha chakula cha karanga, ukianzia katikati na kuishia kabla hujafika pembeni, ubaki ukingo mtupu wa upana wa vidole viwili. Ukingo huo mtupu ndiyo gundi yako. Karanga zikifika pembeni, mafuta yanazuia mkate kushikana na mkate, utabana mpaka uchoke na bado itafunguka. Juu ya slesi moja tu, katikati kabisa ya karanga, weka kijiko cha chai cha asali, usikitandaze mbali. Funika na pacha wake.

Kisha kikombe kidogo. Kigeuze kifudifudi, mdomo wake ukizunguka ule mlima mdogo wa cha ndani, na ukandamize kwa uzito wa mwili, si kwa mkono peke yake. Usikate, unabana tu. Mdomo wa kikombe cha bati ni butu, kwa hiyo unausukuma mkate wa juu uingie kwenye wa chini bila kuupasua. Ukikiinua utaona mfereji wa duara, mkate umekuwa mwembamba na mzito kama karatasi ngumu. Sasa kikombe kikubwa, kilichozidi kile cha kwanza kwa upana wa kidole, kiweke juu na ukizungushe ukikandamiza hadi kikate. Maganda yanabaki pembeni, duara linatoka. Chukua uma, ubonyeze ukingo wote kuzunguka kama tunavyobana sambusa, kisha igeuze na ubonyeze upande wa pili. Inyanyue uiangalie kwenye mwanga. Ukiona ufa, lowesha ncha ya kidole, gusa ufa huo, bana tena. Hapo peke yake ndipo naruhusu maji, na ni tone.

Glasi ya kioo usiitumie. Nimeona moja inapasuka mkononi mwa mtu aliyekuwa anakandamiza. Kopo la bati lililokatwa nalo lina makali. Vikombe vya bati vya chai vinatosha, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kushika kikombe kidogo bila wewe kuogopa. Wangu wa kati ndiye mbanaji siku hizi, anasimama kwenye stuli ili uzito ushuke vizuri.

Kugandisha kuna hatua mbili, na ukiruka ya kwanza utajuta. Kwanza zilaze kwenye sinia zisigusane, ziingie friza kama saa mbili mpaka ziwe ngumu. Ndipo uzipange kwenye chombo. Ukizirundika zikiwa laini zinagandana zikawa tofali, na asubuhi utazitenganisha kwa kisu huku mtoto anakuambia gari linamwacha. Chombo changu ni zile ndoo ndogo za plastiki zenye mfuniko, za siagi, ninazozisafisha vizuri. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kazi hii hainikoseshi kitu, ndoo inafunga vizuri kuliko mfuko wowote wa kufunga fundo. Kati ya tabaka na tabaka natia karatasi. Mfuniko lazima ukaze, kwa sababu mkate unavuta harufu. Wiki moja nilikuwa na migebuka ya kutoka Kigoma kwenye friza ileile, haijafungwa vizuri, na watoto walikula karanga zenye harufu ya ziwa siku tano.

Friza iwe friza kweli, ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ndogo hakifiki huko. Weka humo za siku tatu nne, si zaidi. Na usifikirie kuziweka chini, kwenye sehemu ya kawaida ya friji, wiki nzima. Mkate kwenye ubaridi ule wa friji unakakamaa haraka kuliko hata ukiuacha mezani. Ama mezani leo, ama friza. Zikiwa friza, za karanga na asali zinakaa mwezi zikiwa na ladha nzuri. Andika tarehe juu ya mfuniko.

Asubuhi nazitoa saa kumi na mbili, moja kwa kila mtoto. Nazungushia leso ya karatasi, ili umande wa kuyeyuka uishie kwenye leso na si kwenye mkate, kisha kwenye kikontena cha kawaida cha plastiki. Ikifika saa nne imeshakuwa laini, mkate mwororo kama wa jana. Mwezi wa sita na wa saba, Tabora ikiwa na ubaridi wake wa asubuhi, nazitoa saa kumi na moja nikiamka.

Usiweke kwenye hotpoti. Siku ya kwanza kabisa nilifanya hivyo kwa kudhani nampa mtoto chombo kizuri kuliko vyote nyumbani. Hotpoti inatunza joto, na inatunza baridi vilevile. Mtoto alirudi mchana na sandwichi yake, ameing'ata pembeni tu, katikati bado jiwe. Hakulalamika. Aliiweka mezani akaniambia, "Mama, ilikuwa bado haijaamka." Niliumia, kwa sababu siku ile alikaa na njaa kuliko siku za mihogo.

Za maharage ndizo anazozipenda mkubwa wangu. Nanunua maharage ya njano yanayotoka Kasulu, nayaloweka usiku, nayachemsha hadi yavurugike, nachuja supu yote (supu hiyo tunailia wali jioni). Nakaanga kitunguu na karoti iliyokwaruzwa mpaka vikauke, natia maharage, chumvi, binzari kidogo, na naponda humohumo kwa mwiko. Nyanya sitii, au nusu moja tu iliyokaangwa hadi maji yake yaishe. Kipimo ni hiki: pitisha mwiko chini ya sufuria uone sufuria. Njia ikijifunga mara moja, bado yana maji, rudisha motoni. Njia ikibaki wazi ukahesabu hadi tano, yameiva kwa kazi hii. Yapoe kabisa kabla hayajagusa mkate, kwa sababu ya moto yanatoa mvuke, na mvuke ukifungiwa ndani unakuwa barafu, na barafu ikiyeyuka unakuwa na mkate wa kuoga. Lakini usiyaache mezani tangu mchana hadi usiku. Yatandaze kwenye sinia yapoe upesi, ndani ya saa mbili yawe yameshaingia friza. Hapa paka siagi nyembamba kwenye slesi zote mbili kwanza, ndiyo ukuta badala ya karanga.

Nyama ya kusaga na kuku aliyechambuliwa, utaratibu ni uleule, kavu, baridi, siagi kwanza. Mgebuka mkavu uliochambuliwa na kukaangwa na kitunguu ni mtamu sana, ila chambua miiba wewe mwenyewe, mara mbili.

Tofauti ni hii, na naishikilia sana: ya karanga na asali mtoto anaweza kukaa nayo hata hadi saa saba. Ya maharage, nyama, kuku au samaki iliwe saa nne hiyohiyo, na kisichomalizwa kitupwe, kisirudi nyumbani kwa ajili ya jioni. Septemba na Oktoba, joto la Tabora likiwa limepamba moto, siwafungii za nyama kabisa. Ni karanga tu hadi mvua zianze.

Kuna vitu havikubali kugandishwa. Yai la kuchemsha, ule ute mweupe unakuwa mpira. Mayonezi inakatika, mafuta huku, maji kule. Tango, nyanya mbichi na letasi vinabaki maji matupu. Ndizi mbivu inakuwa nyeusi. Ukitaka mtoto ale tunda, mpe tunda lenyewe pembeni. Msimu wa maembe Tabora nani atakosa embe la kutia kwenye begi?

Kabla hujafunga za karanga kwa mara ya kwanza, ongea na mwalimu wa darasa. Watoto wanagawana, na ni vizuri wagawane, lakini kuna mtoto anayedhurika na karanga. Mtaani kwetu mmoja alivimba midomo na macho kwa kipande kidogo cha kashata, tukamkimbiza hospitali. Tangu hapo wangu wanajua kuuliza, "Wewe unakula karanga?" kabla hawajamega.

Kuhusu umeme kukatika, biashara ya barafu imenifundisha. Friza iliyojaa, usipoifungua, inashikilia ubaridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Kwa hiyo nafasi tupu naijaza chupa za maji, zinaganda na kuwa akiba ya ubaridi. Pia naweka kikombe cha maji, yakiganda naweka juu yake sarafu ya shilingi mia mbili. Nikirudi sokoni nikakuta sarafu imezama, najua umeme ulikatika kwa muda mrefu na vitu viliyeyuka vikaganda tena nisipokuwepo. Ikiwa juu, naendelea na shughuli zangu. Sarafu ikizama, za nyama na maharage zinatupwa, sijadiliani na mtu. Za karanga na asali tunakula siku hiyohiyo. Kuzigandisha mara ya pili kunafanya mkate uwe kama sponji.

Maganda yaliyobaki, ya mikate miwili, ni rundo la kutosha. Nayakausha kwenye karai kwa moto mdogo, nayasaga kwenye kinu kilekile kabla sijakiosha, yananyonya karanga zilizobaki, na chenga zake ndizo za kuvingirishia katlesi. Mengine nayachovya kwenye yai na maziwa na kuyakaanga, ndiyo chakula cha Jumapili usiku kwa sababu mpishi amechoka.

Watoto watatu, siku tano, ni kumi na tano. Zile tatu zilizozidi ni za Jumamosi, mama mkwe anapokuja. Anaingia na mwangaluka yake, yaani salamu ya asubuhi ya kwetu, anakaa, na anataka ya maharage iliyopashwa. Naitoa friza ikiwa jiwe vilevile, naiweka kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo kabisa, mfuniko juu, dakika tano upande mmoja. Naigeuza, dakika nne nyingine, mfuniko naondoa ili mvuke utoke na mkate ukakamae nje. Naikata katikati nione kama inatoa moshi ndani. Ikiwa bado baridi, namrudishia kwenye kikaango dakika mbili, na chai yake ya rangi inasubiri.